Corolla ya 1998 inakula oili: niweke 5W-30, 20W-50 au namba 40?

Swali limetoka kwa mwalimu anayefundisha Bahi, mkoani Dodoma. Ameandika hivi: "Shikamoo fundi. Nina Corolla 110 ya mwaka 1998, injini 5A, imetembea kilomita 238,000. Niliinunua mwaka jana. Sasa inakula oili, kama lita moja kila kilomita 1,500, na asubuhi tapeti zinasikika. Aliyeniuzia alikuwa anaweka 5W-30. Muuza vipuri wa hapa anasema niweke 20W-50 ndiyo itaacha kula. Fundi wa jirani anasema namba 40 ya kupima, ndiyo iliyolea magari ya zamani. Shemeji yangu wa Dar anasema sintetiki ya 5W-30 tu, nisisikilize mtu mwingine. Nimsikilize nani?"

Marahaba, mwalimu. Nakupa jibu fupi kwanza, halafu tukae chini. Weka 10W-40 ambayo kopo lake limeandikwa API (alama ya kiwango cha oili, nitaieleza mbele) SL, SM, SN au SP. Ukiikosa, chukua 15W-40 yenye herufi hizo hizo. Filta ya oili ibadilishwe siku hiyo hiyo. Namba 40 ya kupima, ile inayochotwa kwenye pipa, usiiweke. 20W-50 iache kwanza, nitakuambia siku yake. Na shemeji yako hajakosea kuhusu 5W-30, ila ushauri wake unafaa injini isiyokula oili, na yako inakula.

Kinachonisumbua ni kwamba watu watatu wamekupa oili tatu, na hakuna hata mmoja aliyekuuliza hiyo lita inapotelea wapi. Tutafika huko. Tuanze na namba, maana ndizo zinazowachanganya wengi.

Kopo lina namba mbili kwa sababu oili ileile inafanya kazi ikiwa baridi na ikiwa ya moto, na haifanani nyakati hizo mbili. Chukua asali ya Itigi. Asubuhi ya mwezi wa saba inagoma kutoka kwenye chupa. Iache mchana kwenye dashibodi, inamwagika kama maji. Oili nayo ni hivyo. Namba ya pili, yaani hiyo 30, 40 au 50, hupimwa oili ikiwa na nyuzi 100 za Selsiasi, ambalo ndilo joto la injini iliyokwisha kushika mwendo. Namba ikiwa kubwa, oili inabaki nzito zaidi ikiwa ya moto. Namba ya kwanza, yenye W, inahusu baridi. Herufi hiyo imetokana na neno la Kiingereza la majira ya baridi. Ila baridi inayosemwa hapo siyo ya kwetu. Oili ya 5W hujaribiwa kwa nyuzi 30 chini ya sifuri, 15W kwa nyuzi 20 chini ya sifuri, 20W kwa nyuzi 15 chini ya sifuri. Sisi Dodoma tunavaa makoti alfajiri kwa nyuzi 13 au 14 juu ya sifuri. Kwa hiyo ukipiga swichi, injini yako itawaka na oili yoyote kati ya hizo.

Lakini kuwaka siyo kulainika. Usiku kucha oili imeteremka kwenye sampu, yaani bakuli la chini ya injini, na kemshafti, mhimili unaofungua vali, iko juu kabisa ya injini. Pampu lazima iivute oili kupitia chujio, iisukume kwenye filta, iipandishe hadi juu. Oili nyepesi inapanda haraka, nzito inachelewa, na katika kuchelewa huko chuma kinasugua chuma. Ndiyo sababu sipendi kumwekea mtu oili nzito kuliko anayoihitaji, hata katika mji wa joto kama wetu.

Sasa utaona tatizo la namba 40. Oili ya namba moja, isiyo na W, ikiwa na nyuzi 40 huwa na uzito wa kama mara kumi ya ule inaokuwa nao ikiwa na nyuzi 100. Ikiwa ya moto, namba 40 na 15W-40 ziko katika kundi lile lile, hakuna aliyemzidi mwenzake. Tofauti yake iko asubuhi, ambapo namba 40 ni nzito zaidi. Maana yake ni kwamba unaumia wakati wa kuwasha na huambulii chochote ukiwa njiani. Fundi wa jirani yako anasema kweli kwamba oili hiyo ililea magari ya zamani, lakini magari yale ni Land Rover 109 na malori ambayo vitabu vyake viliiruhusu. Corolla yako ni ya 1998. Na hilo la "kupima" ndilo linalonikera zaidi. Oili inayochotwa kwenye pipa lisilo na lebo, kwa kopo ambalo huenda asubuhi lilipimia mafuta ya taa, hata ikiwa nzuri huna njia ya kujua.

Kuhusu kitabu cha gari: chako, kama kimo bado kwenye droo, kimeandikwa Kijapani, maana gari hili lilitengenezwa kwa soko la Japani. Vitabu ambavyo Toyota iliviandika miaka ile kwa nchi nyingine vina mchoro wa joto la mazingira, na humo utakuta 5W-30, 10W-30, 15W-40 mpaka 20W-50, kila moja na nyuzi zake. Kwa nchi yenye joto kama letu, oili zote hizo zimo. Kwa hiyo usishangae kwamba watu wanabishana na kila mmoja ana mfano wa gari lililofika kilomita 300,000. Wote wanaweza kuwa sahihi. Kinachoamua ni hali ya injini iliyo mbele yako leo.

Tuitafute hiyo lita.

Oili ina njia mbili tu za kutoka: inavuja au inaungua. Anza na kuvuja kwa sababu ndiyo rahisi na ndiyo nafuu. Injini za 5A zina sehemu zake za kuvuja ambazo kila fundi wa Toyota anazijua. Ya kwanza ni gasketi ya kifuniko cha juu, tunayoiita tapeti kava. Inakauka, inakuwa ngumu kama gome la mti, oili inateremka pembeni ya injini na kuungua juu ya bomba la moshi. Utasikia harufu ukisimama kwenye taa. Chomoa waya za plagi moja moja uangalie ndani ya mashimo ya plagi. Ukikuta oili imetuama humo, raba za mashimo hayo zimekwisha. Ya pili ni distribyuta, mwisho wa silinda hedi. Ina pete ya raba ndogo ambayo baada ya miaka 20 inakuwa kama plastiki, na oili inachuruzika nyuma ya injini mahali ambapo macho hayafiki. Ya tatu ni sili za krenki, mbele na nyuma. Mwambie fundi aioshe injini vizuri, endesha siku tatu, halafu mwinue gari na kurunzi mkononi. Kadibodi chini ya gari usiku nayo inasaidia, lakini haikuonyeshi uvujaji wa mwendoni.

Kabla hujabadilisha sili yoyote, angalia kitu kimoja kidogo sana. Injini ina vali ya kupumulia, wengi tunaiita PCV. Kwenye yako imechomekwa juu ya tapeti kava kwenye raba, na mpira wake unaenda kwenye manifoldi ya kuingizia hewa. Kazi yake ni kutoa mvuke na gesi zinazopenya kwenye ringi za pistoni na kushuka kwenye sampu. Ikiziba kwa masizi, gesi hizo zinabanwa ndani na kuisukuma oili itoke popote penye udhaifu.

Hili nililipata kwa gharama. Miaka mingi iliyopita, gereji yangu ikiwa bado chini ya mti Kizota, hapa Dodoma, alinijia mteja na Noah yenye injini 3S. Sili ya nyuma ya krenki ilikuwa inavuja. Nikashusha giaboksi, nikaweka sili mpya, nikammiminia na 20W-50 ili "ikamate". Baada ya miezi miwili amerudi, sili mpya inavuja kuliko ya zamani. Nilianza kulaumu vipuri feki. Fundi mmoja aliyenitangulia kwenye kazi akaja, hakuinama hata chini ya gari. Alichomoa PCV, akaitikisa sikioni, haikulia. Ilikuwa imeganda. Bei yake haikufika ya galoni moja la oili. Nilirudia kazi bila kudai senti, na tangu siku hiyo kipimo hicho ni cha kwanza kwangu. Kwako ni hivi: injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyaga mafuta, ichomoe PCV kutoka kwenye tapeti kava huku ikiwa bado kwenye mpira wake, weka kidole gumba chini yake. Usiposikia ikivuta, safisha mpira au nunua mpya. Injini ikiwa imezimwa, itikise. Nzima inalia kama punje ya mahindi ndani ya kibuyu.

Kama haivuji, inaungua, na hapo una bahati ya kukaa Bahi, maana barabara yako ni kipimo. Kutoka Bahi kwenda Manyoni unapanda ukingo wa Bonde la Ufa. Tafuta rafiki mwenye gari akufuate nyuma, mchana wenye mwanga. Ukiwa unapanda umekanyaga mafuta kwa nguvu, mwenzako akiona moshi wa bluu unaoendelea, ringi za pistoni zimechoka au zimekwama. Wakati wa kurudi, ukishuka kuelekea Bahi, acha gari kwenye gia bila kukanyaga mafuta kwa muda, halafu kanyaga. Wingu moja la bluu linalotoka na kupotea ni sili za vali. Sili hizo hizo ndizo zinazotoa moshi kidogo ukiwasha asubuhi baada ya gari kulala. Moshi mweusi ni mafuta kuzidi, si oili. Moshi mweupe mzito usiokoma, pamoja na maji yanayopungua kwenye rejeta, ni kesi ya gasketi ya hedi. Ikiwa hivyo simamisha gari, acha habari za oili kabisa.

Sili za vali hubadilishwa bila kufungua injini yote, na fundi makini anaweza kufanya hivyo bila hata kushusha hedi, kwa kujaza hewa ya kompresa kwenye silinda ili vali zisidondoke. Ringi ni kazi kubwa. Ndiyo maana kabla ya kukubali neno "ovaholi", yaani kufungua injini yote na kuitengeneza upya, dai ipimwe kompresheni, yaani mbano wa hewa kwenye silinda, mbele yako. Kwa injini hizi za A kipimo cha chini ambacho Toyota inakikubali ni kama kilo 10 kwa sentimita ya mraba, sawa na 142 kwenye saa ya psi, na silinda zisipishane zaidi ya kilo 1. Lakini fundi wako akumbuke jambo ambalo nimeona likiwatoa watu hela bure: namba za kitabu ni za usawa wa bahari. Dodoma mjini tuko karibu mita 1,120 juu, hewa yetu ni nyepesi kwa kama asilimia 12, na saa itasoma pungufu kwa kiasi hicho hicho hata kwenye injini isiyo na tatizo. Bahi mko chini kidogo kuliko sisi, Manyoni wako juu zaidi. Kwa hiyo 130 ukiipata huku haimaanishi kifo. Cha kuangalia zaidi ni kama silinda nne zinafanana. Iliyo chini ya wenzake, iwekewe kijiko kimoja cha chai cha oili kupitia tundu la plagi, ipimwe tena. Ikipanda sana ni ringi. Isipopanda ni vali au gasketi ya hedi.

Na uichukue kwa utulivu. Toyota yenyewe huandika kwenye vitabu vyake kwamba injini inaweza kutumia hadi lita 1 kwa kilomita 1,000. Wewe uko ndani ya kiwango hicho. Sikuambii ufurahi, ila gari hili halifi kesho. Linakufa siku utakapolisahau.

Sasa nirudi kwenye 20W-50, maana nilikuahidi siku yake. Muuza vipuri hakukudanganya: oili nzito kweli inapunguza kupenya kwenye ringi zilizochakaa na sili zilizolegea, na kelele inapungua. Siku yake ni pale ambapo umeshapima, umeona beringi za krenki au ringi zimechoka, na hela ya ovaholi bado haijapatikana. Kipimo chake ni presha ya oili injini ikiwa ya moto: isipungue kilo 0.3 ikiwa sailensa, na ikiwa mizunguko 3,000 iwe kati ya kilo 2.5 na 5. Kama 10W-40 inakupa presha hiyo, 20W-50 haikuongezei kitu isipokuwa asubuhi nzito na petroli zaidi. Kama haikupi, 20W-50 itakuvusha muhula mmoja au miwili wakati unajipanga. Itumie ukijua kwamba inakununulia muda.

Tapeti, vile vikombe vinavyosukuma vali, je? Injini yako haina tapeti zinazojirekebisha kwa presha ya oili. Zake zina vipande vya chuma vya kurekebishia nafasi kati yake na kemshafti, na nafasi hiyo ikizidi zinagonga, uweke oili ya aina yoyote. Oili nzito itaifunika sauti, haitarekebisha nafasi. Fundi mwenye fila geji, kipimo cha nafasi hiyo, na subira ndiye dawa, na hilo lifanywe siku ya kubadilisha gasketi ya tapeti kava ili usilipe kufungua mara mbili.

Herufi za API ni muhimu kuliko watu wanavyozichukulia, na ninawasihi wateja wangu wazisome kabla ya kusoma bei. Ukikuta S ni ya petroli, C ni ya dizeli. Herufi inayofuata inapanda na miaka: SJ ilikuja 1996, SL 2001, SM 2004, SN 2010, SP 2020, na mpya inachukua nafasi ya ya zamani, kwa hiyo SP haiwezi kuidhuru Corolla ya 1998. Kinachodhuru ni kinyume chake. Makopo mengi ya 20W-50 ya bei rahisi yana herufi SF au SG pembeni kwa maandishi madogo. SF ni ya injini zilizotengenezwa hadi 1988. Gari lako lilizaliwa miaka kumi baadaye. Oili hiyo haina uwezo wa kusafisha unaoihitaji, inaacha tope, tope linagandisha ringi, na ringi zilizoganda ndizo hizo zinazokula oili. Mtu anaiweka ili gari liache kula, inazidisha ulaji taratibu. Kwa 15W-40, nyingi madukani ni za malori, zimeandikwa CF-4 au CI-4. Hizo nazo zinafaa kwako ilimradi S ya kuanzia SL iwepo pia kwenye lebo, kwa mfano CI-4/SL. Isipokuwepo, irudishe.

Ile hofu kwamba sintetiki inavujisha gari kuukuu ina chanzo chake. Sintetiki za mwanzo ziliwahi kusumbua raba za sili. Za leo zinachanganywa kwa namna ambayo raba haziathiriki. Kinachotokea ni kwamba oili safi inaondoa tope lililokuwa limeziba ufa wa sili iliyokwisha kufa, na uvujaji uliojificha unajitokeza. Kwako naona ni hela isiyo na sababu: oili inayopungua lita kila kilomita 1,500 unaijaza kila mara, na kujaza kwa sintetiki ni kuchoma noti. Ukishamaliza tatizo, ukitaka uhamie sintetiki au nusu sintetiki, karibu.

Mwalimu, naomba unisikilize hapa kwa makini, kwa sababu naamini injini za mikoa yetu zinauawa na vumbi kuliko oili. Kuanzia mwezi wa sita hadi mvua za mwezi wa kumi na mbili, barabara za vumbi za Bahi, Chamwino na Kondoa zinarusha unga laini ambao ni mchanga mtupu. Ukipita kwenye ea klina, yaani chujio la hewa, iliyochanika, unaingia kwenye silinda na kukwangua kuta kama msasa. Nimefungua injini za magari ya Dodoma ambazo oili yake ilikuwa nzuri kabisa na kuta zina michirizi ya kuhisi kwa ukucha. Fungua boksi la ea klina, pitisha kidole ndani ya mpira unaotoka kwenye boksi kwenda kwenye injini. Kidole kikitoka na vumbi, kuna njia ya panya: ea klina haikukaa vizuri, klipu imekatika, au mpira umepasuka kwenye mikunjo. Na unapoipuliza kwa kompresa, pulizia kutoka upande wa ndani kwenda nje. Vijana wengi wa kuosha magari wanapulizia nje kwenda ndani na kuupeleka uchafu pale pale tunapoukataa. Ikishapulizwa mara mbili tatu inunuliwe mpya, bei yake ni ndogo kuliko ringi moja.

Kwa vumbi hilo na safari zako fupi za nyumbani hadi shuleni, usifikishe kilomita 5,000 bila kumwaga oili, na usipofika kilomita hizo, mwaga kila baada ya miezi sita. Oili ikiwa nyeusi peke yake siyo dalili ya kufa, inaonyesha inabeba masizi kama inavyopaswa. Ikiwa ya rangi ya chai ya maziwa, ina maji, usiwashe. Injini yako inachukua kama lita 3 pamoja na filta, kwa hiyo usimruhusu mtu amimine galoni lote la lita 4. Ikizidi, krenki inaipiga povu, na povu halilainishi. Amimine kidogo kidogo huku akisoma dipstiki, gari likiwa mahali tambarare na injini imezimwa dakika tano. Lita inayobaki ndiyo yako ya kujazia, iweke kwenye buti.

Dipstiki isome kila Jumamosi. Kutoka alama ya juu hadi ya chini ni kama lita moja, yaani theluthi nzima ya oili yote uliyonayo. Kutoka Bahi hadi Dar na kurudi ni zaidi ya kilomita 1,000. Ukiondoka ukiwa katikati ya alama, utarudi chini ya alama ya chini, na mpandisho wowote au kona kali inaweza kuiacha pampu ikivuta hewa. Taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi haikuambii kwamba oili imepungua. Inakuambia presha imekwisha. Ikiwaka unaendesha, zima hapo hapo pembeni ya barabara, hata kama umebakiza kilomita mbili. Injini nyingi nilizoletewa zimenoki zilinoki katika hizo kilomita mbili.

Mtu asikusafishie injini kwa dizeli au mafuta ya taa kabla ya kuweka oili mpya. Najua ni desturi ya gereji nyingi. Kwenye injini ya kilomita 238,000 ambayo historia yake huijui, tope linabanduka kwa vipande, vinakimbilia kwenye chujio la pampu, na presha inakatika. Njia salama ni ya polepole: weka hiyo 10W-40, endesha kilomita 2,000 tu, mwaga na filta yake, weka tena, kisha ndiyo uende 5,000. Oili nzuri yenyewe itasafisha.

Kununua, nunua kopo lililofungwa, uone utepe wa kifuniko haujakatika, alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), namba ya toleo na maandishi yasiyochapwa ovyo. Risiti ichukue. Makopo matupu yanarudi mtaani na kujazwa upya. Kwa hiyo gereji yako ikikumwagia oili, toboa kopo lako tupu kabla hujaondoka. Ukiuziwa feki, Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayoshughulikia bidhaa bandia. Oili chafu usiwape watoto wapake nguzo za banda kwa mikono mitupu kuzuia mchwa. Ina vitu vinavyoweza kuleta kansa ya ngozi ikizoeleka. Vaeni glovu.

Kwa wengine watakaosoma hili wakiwa na magari tofauti: usichukue jibu la mwalimu mzima mzima. Gari lenye VVT-i, kama IST, Premio au Mark II GX110, linatumia presha ya oili kugeuza muda wa vali kupitia njia nyembamba zenye chujio dogo, na oili nzito inaufanya mfumo huo uchelewe; baki kwenye 5W-30 au 10W-30 isipokuwa vipimo vimeonyesha sababu. Mwenye injini ya 1ZZ ya kabla ya 2002 ajue kwamba ulaji wa oili wa injini ile ulitokana na matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni kuwa machache na madogo, kwa hiyo kubadili namba ya oili hakumponyi. Mwenye Hilux ya dizeli ya 3L au 5L, fuata herufi C, 15W-40. Na mwenye Peugeot 504 au Land Rover ya zamani yenye kemshafti inayosugua tapeti bapa, 15W-40 au 20W-50 inamfaa zaidi, kwa sababu oili nyepesi za kisasa za 30 zimewekewa kikomo cha fosforasi, na tapeti zile zinaihitaji.

Mwalimu, fanya hivi wiki hii: kidole kwenye PCV, kidole kwenye mpira wa ea klina, na kurunzi kwenye distribyuta. Jumamosi ukiwa na nafasi, panda Manyoni na mwenzako nyuma. Halafu toa plagi zote nne, zipange kwa mpangilio wa silinda, namba moja upande wa mkanda, zipige picha juu ya karatasi nyeupe unitumie pamoja na kilomita na kiasi cha oili ulichoongeza. Plagi yenye ukoko mweusi unaong'aa kwa oili ndiyo itakayotuonyesha silinda ya kuanzia.